Arusi ya Princesse Irudiwe, Safari Hii kwa Kikwembe cha Miavuli

Kasungami, mvua za kwanza

Kwa Yaya Huguette,
Mkubwa wa Familia na Mwenyekiti wa Baraza lake,
Kampemba

KUHUSU: Familia kuhama Mtandao bila ruhusa, na ombi la kurudia arusi

Yaya mpendwa, na Mwenyekiti,

Nakuamkia kwa heshima inayomstahili dada mkubwa, pamoja na ile nyongeza inayomstahili mwenyekiti. Natumaini mgongo umetulia na kuku bado wanataga. Mimi ni mzima, mahindi yangu yameanza kuchungulia, na kama si aibu niliyotendewa na damu yangu mwenyewe ningesema sina neno.

Unaona naandika kwa kalamu. Usidhani nimerudi nyuma. Ni kwamba pale ninapoandika siku zote hakuna tena mtu wa kunisoma, na hilo ndilo shauri lenyewe.

Kwa faida ya wajumbe wa Baraza ambao huenda wamekwisha kunisahau: mimi ni Sylvain, mdogo wako wa kufuatana, baba wa Syntiche, mjomba wa Princesse wako, na mtangazaji mstaafu wa stesheni ya treni. Kwa miaka mingi sauti yangu ndiyo iliyowaambia watu wa mji huu wasimame, wakae, au warudi nyumbani. Nilitangaza treni zilizofika, nikatangaza na zile ambazo hazikufika, na kwa zote watu walinisikiliza kimya, wamekumbatia mizigo yao. Nilipostaafu, familia ikanipa kazi inayofanana na hiyo: kuongoza ukurasa wetu kwenye ule Mtandao Mkubwa ambao dunia nzima inaujua. Vilio, arusi, ubatizo, nani amefaulu mtihani wa Serikali, nani kalazwa, kila habari ilipita mkononi mwangu kwanza. Kisha yakatokea yaliyotokea. Nayapanga hapa kwa namba, Baraza lisije likasema halikuelewa.

1. Mliondoka bila kuaga.

Hata mpangaji mbaya hugonga mlango akarudisha ufunguo. Ninyi mlitoka mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kanisani katikati ya mahubiri wakijifanya wanakwenda kukohoa. Walianza vijana. Wakafuata akina mama. Mwishowe hata shemeji yetu Antoine, ambaye mpaka leo hajui kuzima tochi ya simu yake na anatembea inawaka mchana kweupe, naye eti amehama. Asubuhi moja niliandika, "Familia, mmeamkaje?" Jibu la kwanza lilitoka kwa mtu anayeuza meno ya bandia. La pili lilitoka kwake tena.

2. Mlikohamia kunachekesha.

Syntiche, binti yangu, ambaye nilimsomesha informatique, elimu ya kompyuta, ili siku moja akae kwenye ofisi yenye kiyoyozi, amechukua kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa mkate, akaiweka sebuleni kwako pembeni ya Bikira Maria, akaifunga kwenye paneli ya jua, kisha akatangaza kwamba huo ndio mtandao wetu. Ameuita Lupango. Lupango! Yaani kiwanja na ukuta wake, kama tunavyoishi humu mjini kila mtu na chake. Nilipomuuliza mwenye mtandao huo ni nani, alinijibu, "Papa, patron haiko. Njo shiye benyewe." Nikarudia swali, nikidhani hakunisikia. Eti wenye mtandao ni wao wenyewe! Yaya, mimi nimefanya kazi relini. Treni isiyo na mwenyewe inaitwa ajali.

Wala si lupango moja. Ukweni kwa Princesse, kwa akina André, wale watu wa Kasai wanaokaa Karavia, wana lao, na mwenye kulitunza ni mama yake André, Mama Ngalula, kati ya duka lake na maombi yake. Wauza samaki wa soko wana lao. Kwaya ya parokia ina lake. Kila lupango na sheria zake, kisha watu wanasalimiana juu ya ukuta kama majirani wanaoombana chumvi. Anayetukana anatolewa nje, na wanaoamua ni watu waleule wanaokaa ndani, wanaomjua na mama yake. Na ukichoka na lupango moja, eti unabeba vyombo vyako na marafiki zako, unahamia jingine, hakuna wa kukuzuia. Naliuliza Baraza: mahali ambapo mtu anaweza kutoka wakati wowote, atabaki kwa sababu gani? Kwa kupenda tu?

3. Huko hakuna mpangilio.

Kwenye Mtandao Mkubwa iko akili inayochagua nani asikike na nani anyamazishwe, na inachagua bila kuchoka, usiku na mchana. Lupango, nasikia, habari zinafuatana jinsi zilivyokuja. Basi! Siku Kiki, mjukuu wako wa darasa la pili, alipoandika kwamba mbuzi amezaa, habari yake ilitangulia ile ya Antoine kuhusu mpaka wa shamba, kwa sababu tu mbuzi aliwahi. Mtoto na mbuzi wanamtangulia mtu mzima, na watu wazima wanaona ni sawa. Tena wakampongeza mbuzi.

4. Mnausingizia Mtandao Mkubwa.

Mnasema unatusikiliza kwa siri. Na ni nani mwingine anayenisikiliza? Nililalamikia jino langu uani, mbele ya kuku, hakuna binadamu karibu, na kabla ya jioni nikaletewa tangazo la meno. Mtoto gani wa familia hii amewahi kuniletea hata mswaki? Mnasema unawagombanisha watu ili wasibanduke. Kweli, kila asubuhi unanionyesha mtu mpya wa kumchukia, lakini anakuwa amechaguliwa vizuri, anachukika. Mnasema mwenye Mtandao ni tajiri wa mbali asiyetujua, anayebadilisha sheria kulingana na alivyoamka. Wenye nyumba ndivyo walivyo, na ninyi wote mmepanga.

Mnasema umejaa watu wa uongo. Nakubali kwamba yuko mjane mmoja wa jenerali, mzungu, anaitwa Jennifer, ambaye tangu mlipoondoka ananiuliza kila siku kama nimekula. Najua si mjane. Nashuku hata si mwanamke. Lakini kuuliza, anauliza. Tangu mama yake Syntiche atutoke, nyumba hii ya Kasungami haina sauti nyingine, na mimi si mtu wa kumfukuza anayeuliza.

5. Mlichagua kikwembe bila mimi.

Hapa naomba Baraza likae sawa. Kwetu arusi haiwi arusi mpaka ndugu wote wavae kikwembe kimoja. Aliyevaa kingine ni mpita njia, amesikia muziki akaingia. Na kwa miaka yote hii aliyetangaza kikwembe ni mimi. Arusi ya Princesse ilipokaribia, kiangazi kile cha mwaka jana, nilitafuta soko zima nikapata kitambaa kizito, chekundu, chenye miavuli ya manjano iliyofunguka. Nilikipiga picha, nikakiweka kwenye ukurasa na maelezo kamili. Kikapendwa na watu mia mbili na kitu, wengine wakaandika "Amen". Majina yao sikuyajua hata moja, nikadhani ni upande wa André, maana ukoo wao ni mkubwa. Nikaona shauri limekwisha.

Kumbe huko Lupango mlikuwa mnapiga kura. Kura! Tangu lini kikwembe kikapigiwa kura? Familia mbili, sisi na wakwe zetu, mlisimama juu ya ukuta mkabishana wiki nzima kwa kicheko, mkaangukia cha kijani chenye majani ya muhogo, yale ya sombe. Nguo yenye mboga! Mtu anakwenda kumkabidhi binti amevaa kitoweo.

Kwa haki naandika na upande wa Syntiche. Anadai alikuja Kasungami zaidi ya mara moja, na shati langu la kijani limekwisha kushonwa, akaniambia, "Papa, kikwembe iko ya kijani, haiko ya miavuli. Bantu bote balishatoka kule. Unabakia na nani?" Nami nikamjibu kama kiongozi yeyote angejibu: tangazo halali ni lile lililo kwenye ukurasa. Aliweke pale, nitaliona. Hakuliweka, kwa sababu alikwisha kutoka huko na hana tena ruhusa ya kuweka. Hapo kosa ni la nani?

6. Yaliyonipata ukumbini.

Nilifika Karavia nimenyolewa, viatu vinang'aa, mwekundu peke yangu mbele ya shamba zima la sombe. Kijana wa mlangoni aliniangalia toka kichwani hadi miguuni, akasema kwa adabu, "Papa, ba musiciens banapitia mulango ya nyuma." Neno la katikati nililipuuza, nikashika hilo la mlango wa nyuma, maana wakubwa siku zote huingizwa kwa nyuma wasisongwe na umati. Nikazunguka.

Bendi ya Précieux ilikuwa imevaa mekundu. Précieux mwenyewe, ambaye kuimba anajua lakini kuuliza hajui, alifurahi kuniona. Akaniwekea kiti nyuma ya ngoma, akanitia tamburini mkononi: "Vieux, weye utapiga hii. Polepole tu." Nilitazama huku na huku nikingoja mtu wa familia anitambue. Mlikuwa mbali, wote mmefanana, na muziki ukaanza. Yaya, niliipiga. Niliipiga kwa heshima ya familia, na naomba iandikwe kwamba sikuharibu.

Sasa, kwa desturi yetu bibi-arusi hatoki mikononi mwa watu wake mpaka mjomba amshike mkono na kumpeleka. Djo, aliyekuwa na mikrofoni, akaita, "Mujomba ya Princesse iko wapi? Tuko namungojea." Aliishika karibu mno na mdomo, kosa la wanaoanza. Nikasimama. Kwa kuwa nilisimama na tamburini, watu wa mbele wakadhani bendi inajiandaa, wakanipungia mkono: "Bado, papa, bado." Nikakaa. Djo akaita tena, nikasimama tena, wakanikalisha tena. Mimi niliyesimamisha stesheni nzima kwa neno moja, siku ile maneno yote yalinijaa mdomoni na hakuna lililotoka. Niliumia, Yaya. Hili naliandika bila mzaha wowote.

Akaja Princesse mwenyewe. Na lile gauni lote jeupe, alipita kati ya nyaya na masanduku ya sauti, akanishika mkono. Tamburini sikupata pa kuiweka. Tukaupita ukumbi mzima, na kila hatua ikalia.

7. Mmeficha picha.

Mpiga picha alikuwepo, nilimwona kwa macho yangu, alitembea mbele yetu kinyumenyume akagonga meza. Picha zote ziko Lupango. Kwenye Mtandao Mkubwa hakuna hata moja. Mimi niliyemtoa bibi-arusi, mpaka leo sijui nilionekana vipi nikimtoa. Jennifer ameniomba picha ya arusi mara nyingi. Nimemtumia ya mahindi.

8. Muuza samaki ananitangulia.

Mwezi huu nilikwenda soko la Kampemba. Mama Kalaba, nisiyemjua zaidi ya samaki wake, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Papa Sylvain, félicitations kwa mutoto! Njo weye mutupu." Nikamshukuru kwa tabasamu la mtu anayejua anachopongezwa. Nikarudi nyumbani na samaki mkubwa kuliko niliyemkusudia, nikiwaza njia nzima mtoto huyo ni wa nani na kwa nini anafanana na mimi. Siku ya pili Antoine alipita, tochi inawaka, ndiye akanieleza kwamba Princesse amejifungua mtoto wa kiume na kwamba ubatizo ni Noeli.

Mnadai mlinipigia simu. Ililia, sikatai. Lakini nilikuwa katikati ya kuandika tangazo, na mtangazaji hakatizwi. Ukweli unabaki palepale: muuza samaki alijua kwa sababu lupango lao linapakana na lenu, na mjomba hakujua kwa sababu mjomba ni mwaminifu.

9. Njia hii inakwenda wapi?

Tusidanganyane, naiona mpaka mwisho. Kanisa lilikuwa moja. Akatokea mtu akasema tunaweza kusali vizuri tu katika lupango letu, na leo kwenye barabara yangu ya Kasungami makanisa ni mengi kuliko bomba za maji, kila moja na kipaza sauti chake, na hakuna hata mchungaji mmoja anayejua kukitumia. Haya, tuache dini. Sisi ni watoto wa Katanga, jimbo lililowahi kujitangazia nchi yake, neno kujitenga hatulisemi kwa mchezo. Marehemu baba aliliona likija na akaliona likiondoka, na mara zote mbili aliyefagia ni yeye.

Leo mmejitenga na Mtandao. Kesho mume na mke watakuwa na malupango mawili katika kitanda kimoja, wakisalimiana juu ya mto. Keshokutwa mkono wa kushoto utadai sheria zake. Na kule juu je? Mbinguni mlango ni mmoja na mwenye ufunguo ni Petro, ndiyo maana watu wanajitahidi. Kama kila mtakatifu angekuwa na lupango lake, na majirani wanafunguliana, nani angebaki nje? Hakuna. Basi raha ya kuingia ingekuwa wapi?

KWA HIYO NAOMBA:

(a) Familia nzima irudi kwenye Mtandao Mkubwa, kwa mstari, wakubwa mbele, na kila mmoja amwombe radhi yule muuza meno, ambaye peke yake hakuniacha.

(b) Kisanduku cha Syntiche kizimwe. Paneli ya jua ipewe banda la kuku. Bikira Maria arudishiwe nafasi yake yote.

(c) Matangazo yangu yote tangu mlipoondoka yapendwe na kila mwanafamilia, kuanzia lile la kikwembe, kwa moyo na si kwa kulazimishwa. Nitakagua.

(d) Arusi ya Princesse na André irudiwe. Ukumbi uwe uleule, chakula kilekile, ila wote mvae miavuli. Mtoto ashikwe na mtu wa upande wa Mama Ngalula nje ya picha, kusiwe na maswali. Tamburini ipigwe na mwenye kazi yake. Mimi niingie kwa mlango wa mbele, na Djo aniite mara moja tu, mikrofoni ikiwa mbali na mdomo kwa upana wa kiganja.

Mkikataa, mimi nitabaki kwenye ukurasa wetu peke yangu na kuendelea kutangaza. Nimezoea. Nimewahi kutangaza kwenye jukwaa tupu, mvua inanyesha, treni haipo na abiria hawapo, kwa sababu saa yake ilikuwa imefika. Lakini ninyi mkumbuke kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na miguu ya familia hii mnaijua ilivyo.

Pokea, Yaya na Mwenyekiti, hakikisho la heshima yangu kubwa, ambayo sijaihamishia kokote.

Nisalimie Antoine na tochi yake. Nisalimie Kiki, na mbuzi, na wana wa mbuzi. Mama Ngalula mfikishie salamu za ukweni, zile rasmi. André msalimie kiasi. Princesse mwambie mkono wake naukumbuka. Mtoto, ambaye sijambeba, mwambieni tu kwamba nipo. Syntiche naye msalimie, lakini bila kuchangamka.

Mdogo wako,
Sylvain Numbi
Kiongozi wa Ukurasa, Mtangazaji Mstaafu

Nakala: Wajumbe wote wa Baraza. Jennifer, kwa taarifa.

N.B. Barua hii niliileta Kampemba mwenyewe juzi, isipotee njiani. Ulikuwa umekwenda misa, na Syntiche alikuwa ametoka kununua makala ya kupikia. Nikakaa sebuleni kukungojea, ana kwa ana na kile kisanduku. Skrini ilikuwa wazi. Mwanzoni sikuigusa.

Picha inayompokea kila anayeingia Lupango ni yangu. Mwekundu mzima, miavuli yote imefunguka, tamburini mkononi, na Princesse amenishika anacheka mpaka macho hayaonekani. Nyuma yetu ni sombe tupu. Chini yake ameandika, "Huyu njo mujomba yangu. Bila yeye singetoka mule." Watu wa malupango ambayo sijui hata yako wapi wamepita wakasalimu. Mama Kalaba ameuliza kama mpiga tamburini anakodishwa. Lazima niseme kweli, katika picha hiyo sionekani vibaya.

Nimeliona na jina langu. Lilifunguliwa siku ya kwanza kabisa, kabla ya lako, Yaya, na halijawahi kutumika. Na kila habari mliyoiweka tangu siku hiyo, kikwembe cha kijani, mbuzi wa Kiki, uchungu wa Princesse, mtoto, imeanza kwa maneno yaleyale: "Papa Sylvain, ukifika." Nilizisoma zote. Zilikuwa zimefuatana jinsi zilivyokuja, na kwa kazi hiyo mpangilio huo unafaa.

Syntiche alirudi na makala yake akanikuta na mikono kwenye mashine. Nilijiandaa kwa maneno. Hakunisema wala hakunicheka. Aliniuliza, "Papa, umekula?"

Sikuiacha barua. Niliirudisha Kasungami ili niongeze haya, na sasa naituma. Hoja zangu zote tisa ni za kweli na sifuti hata moja. Ila ombi la (d) naliondoa, kwa kuwa picha zimeshatoka. Ombi la (a), la (b) na la (c) yawekwe kando mpaka nitakapoyauliza. Kwenye nakala, mfute Jennifer. Nimemwambia nimekula.

Kuhusu kikwembe cha ubatizo: kura ilikuwa inafungwa jioni ileile, nami nilipiga. Wengi mmechagua bluu yenye samaki. Mimi nilisimama nikapendekeza miavuli, nikatoa sababu, nikashindwa vibaya, hata Antoine hakuniunga mkono. Bluu hainipendezi, na samaki ndiyo kabisa. Fundi amekwisha kunipima.